Siku ya Kwaya za Vijijini Oban

Treni ya Glasgow kwenda Oban haina haraka. Kwa saa tatu hivi inafuata ukingo wa Loch Lomond, inapanda milima ambayo majani yake Oktoba yamekwisha kugeuka rangi ya kutu, kisha inateremka kuelekea bahari ya magharibi ya Uskoti. Kila stesheni ina majina mawili kibaoni, la Kiingereza na la Kigaeli: Taynuilt ni Taigh an Uillt, Oban ni An t-Òban. Nilipanda treni hiyo mwaka 2024, wiki ya Mòd. Behewa lilijaa watu waliobeba kilti na sketi za tatani ndani ya mifuko mirefu ya nguo, wakaitundika juu ya viti isikunjamane. Mkabala wangu aliketi mama mmoja mwenye karatasi za nyimbo mapajani. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza bila sauti. Akikwama hufumbua jicho moja, huchungulia, hufumba tena.

Nilimuuliza kama Kigaeli ndiyo lugha yake. Akatikisa kichwa. Alizaliwa England, akaolewa Argyll, eneo ulimo mji wa Oban, na lugha hii anaijua kwa njia ya nyimbo tu. "Lakini kesho," akaniambia, "atakuwepo mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza kama ninaisema sawasawa."

Mtu huyo ndiye niliyesafiri kwenda kumwona akifanya kazi.

Mòd ni tamasha la mashindano la Kigaeli cha Uskoti: uimbaji, ushairi, usimulizi, ala za muziki, kwa watoto na kwa watu wazima. Chama kinacholiandaa, An Comunn Gàidhealach, kilianzishwa hapahapa Oban mwaka 1891, na mwaka uliofuata tamasha la kwanza likafanyika hapahapa, kwa mfano wa Eisteddfod, tamasha la watu wa Wales. Tangu hapo limekuwa likihama kila mwaka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Vita vikuu vya dunia vililisimamisha, na mwaka 2020 janga la korona likazuia watu kukutana. Magazeti ya Kiingereza yamezoea kuliita Olimpiki ya wiski, na ni kweli kwamba usiku baa za Oban hufurika na kiwanda cha wiski cha tangu 1794 kiko katikati ya mji. Jina hilo silipendi hata kidogo. Linawafanya watu wa mbali wadhani hapa pana ulevi na vigelegele tu, kumbe asubuhi saa tatu kuna mtoto wa miaka saba jukwaani anakariri shairi katika lugha ambayo babu wa babu yake alichapwa kwa kuizungumza.

Mji wenyewe ni mdogo, umekumbatia ghuba. Kisiwa cha Kerrera kinaukinga na mawimbi. Feri za Mull na za visiwa vya mbali zinaingia na kutoka mchana kutwa. Kilimani umesimama ukuta wa mawe wa duara, wazi juu, ambao mwenye benki John Stuart McCaig aliuanzisha mwaka 1897 ili waashi wa mji wapate kazi wakati wa baridi. Alifariki mwaka 1902 na ujenzi ukaishia hapo. Wiki hiyo mvua ilinyesha kwa upande, ikitoka baharini, na kando ya barabara ya ufukweni makundi ya watu waliovaa sare yalikuwa yakikimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, karatasi wamezificha ndani ya makoti.

Taji kubwa la kwaya ni Ngao ya Lovat na Tullibardine, inayogombewa na kwaya zenye nguvu kutoka popote, za Glasgow, Inverness na kwingineko. Kwaya za vijijini zina siku yao na vikombe vyao: Ngao ya Lorn, na kikombe cha kimila chenye vishikio viwili kinachobeba jina la Sheriff MacMaster Campbell. Mpango huo ni wa haki. Mji mkubwa huchagua waimbaji. Kijiji huimba na watu kilichonao. Kwaya za namna hii hutoka sehemu kama Melvich, pwani ya kaskazini kabisa ya Sutherland, au Carloway na Lochs katika kisiwa cha Lewis, au Taynuilt niliyoipita kwa treni. Kwa watu wa Lewis, kuja bara ni feri ya saa mbili na nusu na zaidi kutoka Stornoway hadi Ullapool, kisha barabara nyembamba za milimani. Upepo wa Oktoba ukichachamaa, feri haiondoki, na kazi ya mwaka mzima inabaki gatini.

Kwaya niliyofuatana nayo ilikuwa ya kijiji kimoja cha Argyll. Niliwakuta asubuhi katika darasa la shule waliloazimwa kwa kupasha sauti, madawati yamesukumwa ukutani. Walikuwamo wafugaji wa kondoo, nesi wa wilaya, mwanamke anayegawa barua, walimu wastaafu, na kijana wa vizimba vya samoni ambaye mikono yake ilinuka chumvi hata baada ya kuvaa sare. Besi walitosha. Waimbaji wa sauti ya tena walikuwa wanne, na wawili kati yao wanawake, kwa sababu kijiji hakina wanaume wengine wenye sauti hiyo. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwamba kila mwaka, Novemba inapofika, jambo la kwanza analohesabu ni tena. Akihama mmoja, au akifariki, wimbo mzima unapaswa kupangwa upya. Mazoezi hufanyika usiku katika ukumbi wa kijiji, kipindi chote cha giza refu la kaskazini, na wapo wanaoendesha gari karibu saa nzima kuja na saa nyingine kurudi.

Nikaomba kuona karatasi zao. Hapo nilisimama kidogo. Chini ya nota za mistari mitano zilipangwa herufi: d, r, m, f, s, na vituo vyake, na mistari midogo ya kuonyesha mapigo. Ilikuwa solfa ileile iliyoandikwa kwa chaki kwenye mbao za vyumba vya mazoezi vya makanisa yetu, kuanzia Bukoba hadi Mombasa, ambayo wazee wetu waliijua kabla ya kujua kusoma Kiingereza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyebuni msingi wake katika karne ya 19. Mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza kwa ajili ya watu wasio na fedha za kulipia mafunzo ya muziki. Ikapanda hadi milima ya Uskoti, ikavuka bahari na wamisionari hadi kwetu. Nikaimba mstari wa besi kutoka kwenye karatasi yao, taratibu, kwa solfa, na mzee mmoja wa besi akaingia nami kwenye kipande cha pili bila kuniuliza chochote.

Kila kwaya hapa ina walimu wawili. Mmoja ni wa muziki. Wa pili ni wa lugha, na mara nyingi ni mtu aliyenyonya Kigaeli pamoja na maziwa ya mama. Wa kwaya hii alikuwa mzee wa kisiwani, mrefu, mwenye koti la zamani, aliyekaa nyuma kabisa ya darasa akiangalia sakafu. Hakusikiliza muziki. Wakati sauti zikipanda kwa uzuri hata mimi nikashikwa na moyo, yeye aliinua kidole. Wote wakanyamaza. Konsonanti moja haikutoka kooni inavyotakiwa. Alikuwa amewarekodia maneno ya kila wimbo kwa sauti yake, polepole kisha kwa mwendo wa kawaida, na wanakwaya husikiliza rekodi hizo wakikamua maziwa, wakiendesha magari, wakiosha vyombo. Wengi wao hawawezi kuomba chumvi mezani kwa Kigaeli, lakini katika nyimbo hizi wanajua maana ya kila neno, kwa sababu mzee haruhusu mtu kuimba asichokielewa.

Alinieleza mambo ambayo mwamuzi wa lugha huyawinda. Irabu ndefu isifupishwe, kwa kuwa urefu hubadilisha maana. Konsonanti zina sura mbili, pana na nyembamba, na anayezichanganya husikika mgeni papo hapo. Kabla ya p, t na k katikati ya neno, kuna pumzi ndogo inayotangulia, kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Na kuna ile sauti ya kooni inayowashinda Waingereza, ambao huibadilisha kuwa g ngumu. Nikamtamkia ghali, ghafla, ghorofa. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Akaniomba nirudie, kisha akawageukia kwaya yake akawaambia, kwa furaha ya kweli, kwamba huyu ametoka Afrika na anayo.

Ukumbini waamuzi wawili walikaa katikati ya watazamaji, kila mmoja na meza yake, taa yake na karatasi zake. Huyu anaandika alama za muziki, yule alama za Kigaeli, na hesabu ya mwisho ni jumla ya zote mbili. Kengele ndogo ikilia, kwaya inaanza. Hakuna piano wala ngoma. Mwalimu anachukua sauti kwenye kidude kidogo, anawanong'oneza waimbaji wake noti za kuanzia, anainua mikono.

Wimbo uliopangwa ni mmoja kwa kwaya zote, kwa hiyo mtazamaji anausikia tena na tena. Nilidhani ungenichosha. Haikuwa hivyo. Kwaya ya kwanza iliukimbiza, kwa woga nadhani, na kufika mwisho ikiwa imepanda kidogo juu ya sauti ya mwanzo. Ya pili iliimba kwa utulivu mkubwa, sauti ya kwanza nyepesi na safi, lakini maneno yalizama ndani ya utamu huo na mimi nisiyejua lugha nilisikia kwamba yamezama. Kisha ikaja kwaya ya visiwani, watu wachache, wengi wao wazee, sauti zao kavu. Waliingia katika ubeti wa kwanza na ukumbi ukabadilika. Walikuwa wanasema jambo. Mistari mingine waliivuta kuliko karatasi inavyoagiza, kwa sababu sentensi ilitaka kuvutwa, na bibi aliyekaa kando yangu akaanza kutikisa kichwa pamoja na maneno, anayaitikia. Hapo nikaelewa, bila kuelezwa na mtu, kwa nini mwamuzi wa pili yupo.

Kwaya yangu ilipanda karibu na mwisho. Yule mama wa kwenye treni alisimama safu ya mbele, macho wazi safari hii. Tena ziliyumba mahali pamoja, pale zilipobaki peke yake baada ya besi kunyamaza, kisha zikapata mguu. Mzee wa lugha hakuketi. Alisimama mlangoni, midomo inaimba nao neno kwa neno. Wimbo wao wa pili ulikuwa wa mtindo wa puirt-à-beul, nyimbo za kuchezea ngoma kwa mdomo mtupu pale ambapo hapakuwa na filimbi wala fidla: mwendo wa kasi, silabi zinagongana, ulimi hauna nafasi ya kupumzika. Nesi, kondoo, barua, samoni, wote walikuwa kwenye mwendo mmoja, na miguu ya watazamaji ikagonga sakafu ingawa si desturi katika mashindano.

Wapo wasomi wanaosema kwamba kwaya hizi si mila ya Wagaeli. Wana hoja. Wimbo wa Kigaeli wa zamani uliimbwa na mtu mmoja bila ala, au na kundi kwa sauti moja. Wanawake wa visiwa walipokuwa wakiponda kitambaa cha sufu kilicholowa juu ya ubao mrefu ili kishikamane, mmoja alitoa wimbo na wengine wakapokea, mikono ikipiga kitambaa kwa mapigo yake. Msomaji aliyewahi kusikia wanawake wakipokezana kwenye kinu au wavuvi kwenye juya anaijua kazi hiyo bila maelezo. Sauti nne, mwalimu wa mbele, sare na ngao vilikuja karne ya 19. Lakini na sisi tulipewa kwaya ya sauti nne na wageni, na leo nani atamwambia mwanakwaya wa kwetu, wa Usambara au wa Taita, kwamba anachokiimba si chake? Kitu kikishikwa na watu miaka mia na zaidi, wakakiingizia lugha yao, ugomvi wa asili yake unabaki kuwa wa vitabuni.

Waamuzi walipanda jukwaani kutoa maoni. Wa muziki alikuwa mpole, akazungumzia pumzi, mizani ya sauti, sauti zilizoteremka. Wa lugha alizungumza Kigaeli kwanza, kirefu, na nusu ya waliokuwa wakisubiri matokeo yao hawakumwelewa. Alipogeukia Kiingereza aliwashukuru kwa bidii yao, kisha akataja makosa kwa usahihi wa fundi: irabu hii, ubeti ule, konsonanti iliyokuwa pana ikaimbwa nyembamba. Hakuwasamehe kwa kuwa ni wanafunzi. Nilipenda sana hilo. Kumsamehe mtu matamshi mabovu kwa kuwa lugha ni ndogo ni kuidharau lugha hiyo mara ya pili.

Kwaya yangu haikushinda. Haikukaribia. Lakini karatasi ilipobandikwa, alama zao za Kigaeli zilikuwa juu kuliko za muziki, na watu wale walimzunguka mzee wao wakamwonyesha. Alisoma tarakimu, akaikunja miwani yake, akasema tena za mwaka ujao zitafutwe mapema.

Nje, kwenye mvua, wanakwaya walipongezana kwa Kiingereza. Hilo nalo nililiona, na siwezi kuliacha. Mwaka 1891, mwaka chama hiki kilipoanzishwa, Uskoti ilikuwa na wasemaji wa Kigaeli zaidi ya 250,000. Sheria ya elimu ya 1872 ilikuwa imeleta shule kwa kila mtoto bila kuitaja lugha hiyo hata mara moja, na walimu wengi wakaifukuza darasani kwa fimbo. Sensa ya 2022 ilihesabu wasemaji 69,701. Walioijua kidogo, kwa kuelewa au kusoma, wameongezeka, na shule za Kigaeli zina sehemu yake katika hilo. Lakini katika Visiwa vya Magharibi, ngome ya mwisho, wanaoizungumza wameshuka chini ya nusu ya wakazi. Hata Mòd yenyewe ilikawia kwenda huko: Stornoway iliandaa kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilikipa Kigaeli hadhi ya lugha rasmi kwa sheria, hatua kubwa iliyochelewa sana.

Kwaya peke yake haitazaa wasemaji. Mzee wa lugha alinikubalia hilo wakati tukinywa supu ya samaki. Alisema katika kwaya yake wameanza kuwa na nusu saa ya mazungumzo kabla ya mazoezi, na kwamba wanne kati yao sasa wanaweza kumwuliza hali na kuelewa jibu lake. Kijana wa samoni amemwandikisha binti yake katika darasa la Kigaeli. Mzee hakuyasema haya kwa kujisifu. Aliyasema kwa hesabu ya mkulima anayejua shamba ni kubwa na mbegu ni chache.

Jumamosi, asubuhi ya mwisho, kwaya zote zilikusanyika nje, za mjini na za vijijini, zilizoshinda na zilizoshindwa, zikaimba pamoja hadharani, mamia ya sauti na walimu wakipokezana kuongoza. Bendera ikakabidhiwa kwa watu wa Lochaber, wenyeji wa mwaka 2025. Kisha feri zikaanza kujaa.

Nimekaa katika mashindano mengi ya kwaya nyumbani, na Kenya wana Tamasha la Muziki la tangu mwaka 1927 ambalo huwakusanya wanafunzi wa nchi nzima. Nimesikia watoto wakiimba Kidigo, Kipokomo, Kizaramo na Kimeru, wimbo umewekwa vizuri, sauti zimelingana, na maneno yakitamkwa kwa namna ambayo bibi wa lugha hiyo asingeyatambua. Kikombe wakapewa. Ninawaomba wanaoandaa mashindano haya, shuleni, makanisani na wilayani: wimbo ukiwa wa lugha ya jamii, wekeni meza ya pili. Mtafuteni mzee au bibi anayeisema lugha hiyo tangu utotoni, hata kama hajui nota. Mpeni karatasi na taa, mlipeni nauli na posho sawa na mwamuzi wa muziki, na alama zake zijumlishwe nusu kwa nusu na za mwenzake.